Siku Kumi za Profesa Nyagawa

Profesa Obadia Nyagawa aliletwa wodini Jumatatu asubuhi, mkono wake wa kulia umelala tumboni kama kitu alichoachiwa amshikie mtu mwingine. Kiharusi kilimpata jana yake akiwa kanisani, katikati ya wimbo. Aliyempokea ni Tusekile Mwambene, mtoa tiba kwa vitendo katika hospitali ya urekebishaji iliyokuwa juu ya mji wa Tukuyu. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwafundisha waliopoteza mkono, mguu au kumbukumbu kufanya tena mambo yao ya kila siku: kuvaa, kupika, kuandika, kufunga mlango.

Alilisoma jina kwenye kitanda. Akalisoma tena. Kisha akautazama uso.

“Unamfahamu baba?” aliuliza mwanamke aliyesimama kando. Alikuwa Sifuni, binti wa pekee wa profesa, mhandisi wa mabwawa, na alikuwa hajalala tangu jana.

“Kila mtu anayefanya kazi humu anamfahamu,” Tusekile alisema.

Haukuwa uongo. Profesa Nyagawa ndiye aliyebuni Uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukipitishwa chini ya ngozi kutoka shingoni hadi vidoleni. Ulisikiliza ubongo unataka nini, kisha ukaivuta misuli wenyewe. Aliyepooza mwezi huu aliweza kushika kikombe mwezi ujao. Yeye ndiye aliyeongoza utafiti wa watu mia nne na kumi na wawili, na utafiti huo ulisema Uzi unashinda mazoezi ya kila aina.

Tusekile akamshika kiganja kilichopooza ili ampime. Alikipima vizuri, kidole kwa kidole, kama alivyompima mgonjwa yeyote. Baadaye alijishangaa kwa hilo.

Mdomo wa profesa ulikuwa umelegea upande mmoja na maneno yake hayakueleweka, lakini akili ilikuwa nzima na mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Tusekile akamwekea kibao cha herufi mapajani ili aguse anachotaka kusema. Kisha akaufungua Mwongozo.

* * *

Tangu sheria ibadilike, hakuna mhudumu aliyechagua tiba kwa kichwa chake. Sheria ilitungwa kwa nia njema. Zamani mgonjwa alipata tiba kutegemea aliyemkuta zamu: huyu anakandwa, yule anapewa sponji aminye, wa tatu anaambiwa asubiri Mungu. Mwongozo, mashine iliyowekwa kila wodi, ulisoma tafiti zote zilizochapishwa duniani, ukazipima uzito, ukaagiza kilichothibitika. Tusekile mwenyewe aliushangilia ulipoletwa. Alikuwa msomaji wa tafiti hata kabla ya kulazimishwa, na bado alizisoma, hasa zile ndogo za watu ishirini au thelathini ambazo Mwongozo haukuzipa uzito.

Mhudumu aliyeona agizo halifai aliruhusiwa kuleta pingamizi lenye ushahidi. Tusekile alikuwa ameleta mapingamizi kumi na manne dhidi ya Uzi. Aliambatanisha madaftari yake: wagonjwa aliowafuatilia majumbani kwao mwaka mmoja, miwili, mitatu baada ya upasuaji, wakati utafiti wa profesa ulikoma wiki ya kumi na mbili. Mara zote kumi na nne alijibiwa kwa sentensi moja. *Uzoefu wa mhudumu mmoja si ushahidi.*

Sasa sauti ya Mwongozo ikasoma agizo kwa utulivu wake wa siku zote. Mgonjwa afungwe Uzi. Upasuaji siku ya kumi, saa nne asubuhi.

Kichwa cha profesa kikaanza kutikisika. Kushoto, kulia, kushoto. Kidole chake cha kushoto kikahangaika kwenye kibao: S, I, T, A, K, I.

“Baba, ni Uzi wako,” Sifuni alisema akimwinamia. “Umewasaidia maelfu ya watu. Leo na wewe usaidike.”

SITAKI.

Sifuni akamgeukia Tusekile, macho yamejaa maji. “Kwa nini anakataa?”

Tusekile alijua kwa nini. Alimtazama profesa, naye akamtazama, na katika macho yale aliona kwamba mzee ameshausoma ubini ulioandikwa kwenye koti lake jeupe. Mwambene. Alikuwa ameukumbuka.

Kulikuwa na ibara moja katika Mwongozo ambayo Tusekile aliijua kwa moyo, kwa sababu iliwahi kutumika nyumbani kwao. Akaisoma kwa sauti, polepole.

“Kukataa tiba katika siku kumi za kwanza baada ya kiharusi ni dalili ya huzuni, wala si uamuzi wa mgonjwa. Ndugu wa karibu ataamua kwa niaba yake.” Akainua macho. “Ni matokeo ya utafiti, Profesa. Uliyaandika wewe.”

Sifuni akaweka kidole gumba kwenye kioo cha Mwongozo kukubali. Kidole cha mzee kikabaki juu ya herufi, hakigusi chochote.

* * *

Jioni ile Tusekile hakwenda kwake. Alishuka bondeni kwa dada yake, Sekela, akamkuta uani akipepeta mchele. Alikuwa ameubana ungo kati ya paja na kigutu cha mkono wa kulia, uliokatwa juu ya kiwiko.

“Amekuja,” Tusekile alisema.

Sekela hakuuliza nani. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa msusi anayeagizwa na maharusi kutoka Mbeya mpaka Kyela. Kiharusi kilipompata akawa mgonjwa namba themanini na saba katika utafiti wa Nyagawa. Alikuwa amekataa. Ibara ile ilikuwa bado jaribio, ikajaribiwa kwake. Mumewe akatia sahihi. Wiki ya kumi na mbili mkono wake ulipopimwa ulipata alama zote. Walimpiga picha akitunga shanga.

Mwezi wa nane baada ya upasuaji alianza kusema mkono si wake. Ulishika akitaka kushika, na wakati mwingine akiwa hataki. Ubongo, ukiona kuna anayeufanyia kazi, ulikuwa umeacha kutuma habari na kupokea habari. Mwezi wa kumi na tatu alishika mshikio wa chungu cha mafuta kilichokuwa kikichemka, na vidole havikuachia. Havikuhisi moto. Alisimama pale jikoni akiita watu, akiutazama mkono ukiungua kama unavyoutazama mkono wa jirani.

Ripoti ilipochapishwa, Tusekile aliitafuta namba themanini na saba. Aliikuta katika orodha ya watu thelathini na mmoja walioondolewa kwenye hesabu. Kando yake palikuwa na neno moja: *Alihama.* Sekela hakuwahi kuhama nyumba ile tangu aolewe.

Alikwenda mwenyewe chuoni kwa profesa, akiwa kijana bado, na picha za mkono wa dada yake kwenye bahasha. Profesa alizitazama. Akamwambia, bila ukali, kwamba mgonjwa mmoja ni hadithi, na hadithi haitibu mtu.

“Wanamfunga Uzi siku ya kumi,” Tusekile alieleza sasa. “Hataki. Mimi tu ndiye ninayeweza kuleta pingamizi.”

Sekela akaendelea kupepeta. Makapi yakaruka.

“Na akikiri aliyoyaficha?”

“Hapo pingamizi litakuwa na uzito. Aliyeandika utafiti akiukana, Mwongozo utamsikiliza kwa mgonjwa huyo.”

“Basi mkirishe,” Sekela alisema. “Akishakiri, mtie Uzi.”

“Dada.”

“Umeniuliza au umekuja kunipa habari tu?”

Tusekile alikuwa amekuja aambiwe neno lile lile.

* * *

Kuanzia siku ya tatu alifanya kila alichotakiwa kufanya, na zaidi ya hapo hakufanya kitu. Alimgeuza mgonjwa asipate vidonda. Alimnyoosha vidole visikakamae. Aliandika taarifa safi. Hakumfundisha chochote, maana Mwongozo haukuagiza mafunzo kwa mtu anayesubiri Uzi, na mkono usiofundishwa katika siku zile hupoteza kila siku kitu ambacho haurudishiwi. Alilijua hilo kutoka tafiti za watu thelathini na kutoka madaftari yake. Profesa naye alilijua. Aliona siku zinavyokwenda, na Tusekile aliona kwamba anaona, na jambo hilo lilimpa raha. Alilala usingizi mzuri kuliko alivyolala kwa miaka.

Siku ya sita alimletea karatasi yenye namba thelathini na moja. Akaiegemeza kwenye kibao.

“Waliohama,” alisema. “Nataka kujua walihamia wapi.”

Profesa alifumba macho. Tusekile akavuta kiti, akakaa. Nje wachuma chai walikuwa wakipita na mashine zao migongoni, wakizungumza juu ya mvua. Baada ya muda mrefu kidole cha kushoto kikaanza kutembea.

Ilichukua mchana wa siku ya sita, wa saba na nusu ya wa nane. Herufi moja, nyingine, kupumzika. Kibao kilihifadhi kila kitu na Tusekile hakumsaidia hata neno. Namba kumi na mbili, hakuweza kuachia usukani. Namba arobaini, alimminya mtoto wake akamvunja mfupa wa bega. Namba themanini na saba, chungu. Wote waliharibikiwa baada ya wiki ya kumi na mbili, na wote waliandikwa kwamba wamehama kabla yake ili hesabu isiwaguse. NILIDHANI NITAUREKEBISHA KABLA WATU HAWAJAJUA, aliandika. KILA MWAKA NILIDHANI MWAKA UJAO. Mwishoni akaandika jina lake na tarehe.

Tusekile alilipeleka andiko lile palepale kwa jopo la maadili ya utafiti Dodoma. Jopo lingekaa, lingeita mashahidi, lingechukua miezi. Jopo pekee ndilo lililoweza kuufuta utafiti mzima. Kwa mgonjwa aliyelala pale mbele yake, jopo lisingewahi. Kulihitajika pingamizi.

Akainuka, akakunja karatasi yake.

“Tumemaliza, Profesa.”

Kidole kikatembea upesi kuliko siku zote. NA MIMI?

Tusekile akaisoma. Akakichukua kibao, akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa kushoto haukufika, akatoka.

* * *

Siku ya kumi saa mbili na nusu asubuhi aliketi mbele ya Mwongozo kukamilisha fomu za upasuaji. Alikuwa ametulia. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa amefuata ushahidi bora uliokuwepo, kama sheria ilivyosema. Binti alitaka. Mashine ilitaka. Yeye alikuwa anajaza nafasi tu.

Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na sehemu ambayo hujijaza yenyewe. Alikuwa ameipita mara mia bila kuisoma. Leo aliisoma kwa sababu jina lilikuwa hilo.

*Nyagawa, Obadia. Mpokeaji wa Uzi namba 9,318. Matokeo yanayotarajiwa wiki ya 12: mafanikio kamili. Matokeo yataongezwa kwenye hifadhi ya ushahidi.*

Aliirudia. Kisha akaegemea nyuma.

Aliuona mkono ule wiki ya kumi na mbili, ukitunga shanga mbele ya kamera. Mbunifu mwenyewe, amepona kwa kazi ya mikono yake. Mwongozo ungempa uzito ambao haujawahi kumpa mgonjwa yeyote. Jopo la Dodoma lingekuwa na andiko lililogongwa herufi kwa herufi na mzee mgonjwa aliyekuwa, kwa ibara yake mwenyewe, katika siku za huzuni. Na mkabala wake lingekuwa na mkono mzima unaofunga vifungo vya shati. Mwezi wa kumi na tatu, ukija, usingehesabiwa na mtu. Kisasi chake kingeingia katika hesabu kikiwa ushindi wa Nyagawa, na kila Sekela atakayelazwa baada ya hapo angetiwa Uzi kwa sababu ya namba hiyo.

Hakumhurumia. Alijichunguza kwa uaminifu akatafuta huruma, hakuiona. Alichokiona ni hasira ile ile, isipokuwa sasa ilikuwa na mahali pa kwenda.

Akafungua fomu ya pingamizi. Aliambatanisha andiko la profesa, madaftari yake ya miaka kumi na tisa, na tafiti sita ndogo zilizoonyesha kwamba mkono unaorudia kazi halisi, mara mia tatu kwa siku, kazi ambayo mwenyewe ameichagua, hurudi polepole na hurudi ukiwa wake. Fomu ikauliza: *Kwa nini pingamizi halikuletwa mapema?* Angeweza kuandika kwamba ushahidi ulikuwa haujakamilika. Ushahidi ulikamilika siku ya nane. Leo ilikuwa ya kumi.

Akaandika: *Nilitaka akatwe mkono.*

Mwongozo ulikaa kimya dakika nne. Tusekile hakuwahi kuuona ukikaa kimya hata sekunde nne. Kisha kioo kikabadilika rangi: upasuaji umesimamishwa, mhudumu apeleke mpango mbadala, mhudumu aitwe mbele ya kamati ya nidhamu.

Sifuni alimkuta kwenye korido. Alikuwa na nakala ya pingamizi, kama ndugu wa mgonjwa anavyostahili, na alikuwa ameisoma yote.

“Haya aliyoandika baba ni kweli?”

“Muulize. Kibao nimekirudisha.”

“Nimemuuliza.” Akaikunja ile nakala. “Nimetia kidole changu. Alikataa mbele yangu, nami nikatia kidole. Na wewe umesimama pale unajua.”

“Nilijua.”

“Ungemwacha, kweli?”

“Nilikuwa nimeshamwacha,” Tusekile alisema. “Nilirudi kwa sababu nyingine. Usinishukuru.”

“Sikuja kukushukuru,” alisema Sifuni. Akapita, akaingia kwa baba yake, na mlango ukafungwa.

* * *

Kamati ilimsimamisha Tusekile wiki tatu, kisha ikamrudisha chini ya uangalizi wa mwenzake, maana hakukuwa na mtu mwingine Nyanda za Juu aliyejua kuutibu mkono bila Uzi. Alikubali adhabu bila kuteta. Jopo la Dodoma liliwatafuta wale thelathini na mmoja. Ishirini na sita walipatikana wakiwa hai, wengi katika nyumba zilezile walizodaiwa kuhama. Baada ya miezi minne utafiti ulifutwa, na maagizo ya Uzi yakasitishwa hospitali zote.

Sekela hakuongea naye muda wote huo. Tusekile alituma salamu kupitia majirani, na majirani wakarudi na jibu kwamba dada anashukuru kwa salamu.

Profesa hakupona upesi. Zile siku kumi zilikuwa zimemgharimu. Aliulizwa anataka mkono wake ufanye nini, swali ambalo utafiti wake haukumuuliza mtu hata mmoja, naye akafikiri siku mbili kabla ya kusema. Mdomo ulikuwa umeanza kurudi. Alisema anataka kuambua maharage. Mkewe alipokuwa hai waliambua pamoja kila mwezi wa sita, na ndiyo kazi pekee ya nyumbani aliyowahi kuifanya.

Basi wakawa wanaambua. Vidole vya kulia vilishika ganda, vikasahau, vikaliangusha. Kubana kulimjia kwanza. Kuachia kulikuwa kazi ngumu kuliko zote. Alitoa jasho, alilia mara moja kwa hasira, akaomba apumzike, na Tusekile akampumzisha kwa dakika zilizoandikwa kwenye mpango, bila kuongeza wala kupunguza.

Alhamisi moja, mchana, kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa Sekela, amevaa kitenge cha kanisani, mkono mtupu wa gauni umebanwa kwa pini. Tusekile akainuka.

“Kaa,” Sekela alimwambia. “Sikukujia wewe.”

Akavuta kiti cha pili, akaketi mbele ya profesa, magoti yao karibu yagusane. Mzee alimtambua. Midomo yake ilihangaika kutafuta neno, na Sekela akainua kiganja cha kushoto kumzuia.

“Usiniombe kitu,” alisema. “Endelea na kazi yako.”

Profesa akachukua ganda. Vidole vikatetemeka, vikabana, ganda likapasuka. Punje tatu zikaanguka kwenye bakuli. Alijaribu kuliachia ganda tupu, vidole vikagoma. Aliutazama mkono wake, akapumua, akajaribu tena. Jasho likamtoka kwenye paji. Kidole cha shahada kikalegea, kisha cha kati, kwa shida, kama mlango wa zamani. Ganda likaanguka sakafuni.

Akainua macho kumtazama Sekela. Labda alitegemea ataondoka sasa.

Sekela akalichungulia karai lililokuwa pembeni. Lilikuwa limejaa maganda yasiyoambuliwa mpaka juu.

“Rudia,” alisema.